Robine imenyamaza, lakini chemchemi ingali hai

Chukua bidoni tupu ya lita 20, uizamishe mtoni mdomo ukiangalia chini. Sukuma kwa nguvu zako zote. Mto mzima uko hapo, bidoni iko ndani ya maji, na bado ni tupu. Sasa ilaze ubavu kidogo: blu-blu-blu! Hewa inatoka, maji yanaingia. Kila mtoto wa Kasongo na wa Kabambare anajua jambo hilo mbele ya kuanza masomo. Na hujapata kuona mtoto anayetoboa bidoni ya mama yake juu ya kutoa hewa. Anaigeuza tu, ili hewa ipate njia.

Lakini sisi wakubwa, siku robine ya kijiji inaponyamaza, tunasahau bidoni. Tunachukua panga au msumari wa moto na kutoboa tiyo. Makala hii inataka kukuomba jambo moja: usitoboe. Tafuta kwanza hewa imejificha wapi.

Asubuhi ya maneno mengi

Tuwaze kijiji kimoja cha vilima vya Kabambare. Maji yanatoka katika chemchemi iliyojengewa sanduku la simiti, yanashuka kwa tiyo ya plastiki nyeusi, yanapita mabonde na migongo ya vilima, mpaka kwenye fonteni karibu na shule. Hakuna mashine wala mafuta. Maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe.

Asubuhi moja mama wa kwanza anafungua robine. Inapiga mluzi, inatema mate mawili matatu, kisha inanyamaza. Mistari ya bidoni inakuwa mirefu. Maneno yanaanza:

"Chemchemi imekufa."

"Hapana, watu wa juu wametufungia maji!"

"Mimi nasema kuko mkono wa mtu."

Watoto wanarudi mtoni. Na mto huo, tuseme ukweli, si ule wa babu zetu. Kule Namoya na Salamabila, na mahali pengine pa dhahabu, mchanga unaoshwa mtoni mchana kutwa, na wengine wanatumia zebaki kukamata dhahabu. Tena kipindupindu si mgeni katika Maniema. Siku tatu za robine kavu zinatosha kuleta mgonjwa nyumbani.

Mzee mmoja anapanda mpaka kwenye chemchemi. Anakuta maji yanafurika, yanamwagika kando ya sanduku! Juu maji ni mengi, chini hakuna tone. Basi yamepotelea wapi? Mara nyingi hayajapotea. Yako ndani ya tiyo, yamezuiliwa na hewa.

Hewa nayo ni kitu

Vijana wanaofanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu watatuelewa upesi. Motopompe inanguruma, mafuta yanakwisha, lakini maji ya shimo hayapandi. Fundi anasema nini? "Imekamata hewa." Anazima, anajaza maji kwenye tiyo ya kuvutia, anakaza viungo, anawasha tena. Mashine haikuwa mbovu. Hewa ilikuwa imekaa mahali pa maji.

Katika tiyo ya kijiji ni vile vile. Hewa ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inatafuta mahali pa juu. Tiyo inapopanda mgongo wa kilima na kushuka tena, hewa inakusanyika pale mgongoni na upande wa kushuka. Maji yanayokuja nyuma yanaibana, lakini kuiondoa yanashindwa.

Tupige hesabu

Wengi wanauliza: "Chemchemi iko juu kuliko sisi. Uzito wa maji unashindwa vipi na upepo mtupu?" Tupige hesabu pamoja, polepole.

Tuseme chemchemi iko kwenye kimo cha mita 100. Tiyo inashuka bondeni, inapanda mgongo wa kwanza wenye mita 95, inashuka kwenye kibonde cha mita 75, inapanda mgongo wa pili wa mita 90, kisha inashuka mpaka fonteni kwenye mita 60. Maji yaliyojaa tiyo vizuri yanaweza kupanda karibu kufikia kimo yalikotoka. Mia ni zaidi ya tisini na tano, tena ni zaidi ya tisini. Kwa hiyo yanapita bila shida.

Sasa tiyo ni tupu, na tunaijaza kwa mara ya kwanza. Maji yanavuka mgongo wa kwanza, yanateleza mpaka kwenye kibonde cha 75 na kukiziba. Hewa iliyokuwa upande wa kushuka imefungiwa, mbele maji, nyuma maji. Maji ya chemchemi yanaisukuma kwa nguvu gani? Ni tofauti ya 100 na 95 tu, yaani mita 5 za maji. Kwa nguvu hiyo hewa inabanwa, inapungua karibu theluthi moja, kisha inasimama. Sehemu yake ya chini inabaki karibu na kimo cha mita 82. Inayasukuma maji ya upande wa pili mita 5 juu ya hapo, yaani mpaka mita 87. Lakini mgongo wa pili uko kwenye mita 90. Yamekosa mita 3!

Kwa ajili ya mita hizo 3, chemchemi inafurika juu na mama analia chini. Wala hakuna mkono wa mtu.

Sasa fungua kitundu kidogo pale juu ya mgongo wa kwanza. Hewa inapiga mluzi na kwenda zake, maji yanachukua mahali pake. Ukifunga tena, yanaukuta mgongo wa pili yakiwa na mita 10 za ziada, nayo yanapita.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Katika milima ya Nepal, huko Asia, vijiji vingi vinapata maji ya kushuka yenyewe kama sisi. Mwaka 1980 UNICEF ilitoa huko kitabu cha Thomas Jordan kuhusu kazi hiyo, nacho kinafundisha namna ya kuhesabu hewa kabla ya kuchimba mtaro. Hapo ndipo dawa bora ilipo: fundi apime vilima kwanza, ndipo anunue tiyo.

Hewa inaingilia wapi?

Inaingilia milango minne ambayo ni vizuri kuijua.

Mlango wa kwanza ni kazi yenyewe. Kila mara tiyo inapokatika na kutengenezwa, imekuwa tupu, na kuijaza haraka kunafungia hewa ndani.

Wa pili ni kwenye chemchemi. Wakati wa kiangazi maji ya sandukuni yanapungua. Mdomo wa tiyo unapobaki karibu na uso wa maji, unavuta maji na hewa pamoja. Ukiona maji yanazunguka kama kikombe kinachokorogwa, ujue tiyo inakunywa hewa.

Wa tatu ni viungo vilivyolegea. Pengine unasema, "Kiungo kilicholegea kinavuja maji, hakiingizi hewa." Mara nyingi ni kweli. Lakini mahali ambapo tiyo iko juu sana, karibu na kimo cha chemchemi au kukipita, maji yanayokimbia chini yanavuta kama mtu anayenyonya mafuta katika pipa. Hapo kiungo hakivuji. Kinanyonya, na pamoja na hewa kinanyonya maji machafu ya mtaroni.

Wa nne ni maji yenyewe. Yana hewa ndogo iliyoyeyuka ndani yake. Inatoka polepole, inapanda vilele vya tiyo, na baada ya miezi inakuwa kizuizi. Ndiyo sababu tiyo iliyofanya kazi vema mwaka mzima inaweza kukwama bila mtu kuigusa.

Mbele ya kushika panga

Robine kavu si lazima iwe hewa. Uliza maswali haya.

Je, chemchemi inafurika? Kama sandukuni maji ni machache, shida iko pale pale, chini mtatafuta bure.

Je, maji yalipungua polepole miezi mingi? Hiyo inafanana na matope au mizizi. Je, yalikatika ghafula, na kuna mahali majani ni mabichi na ardhi ni laini njiani? Tiyo imepasuka. Je, robine inapiga mluzi, inatema, inanyamaza, inatema tena? Au shida ilianza mara baada ya matengenezo? Hapo hewa ndiyo mshitakiwa wa kwanza.

Basi kwa nini usitoboe? Kwanza, anayetoboa chini bondeni hapati hewa, kwa sababu hewa iko kileleni. Anapoteza maji na kuongeza hewa. Pili, kitundu kinabaki. Watakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nacho kitavuja. Siku tiyo inapokuwa tupu au inaponyonya, uchafu wa mtaro, pamoja na wa choo kilicho karibu, unaingia na kushuka mpaka kwenye kikombe cha mtoto. Hewa haijamwua mtu. Tundu la panga linaweza kuua.

Namna ya kuitoa

Kazi hii inataka watu wanne au watano, subira, na siku nzima. Fundi wa maji aiongoze.

1. Pandeni kwenye chemchemi. Safisheni chujio. Hakikisheni mdomo wa tiyo umezama vizuri ndani ya maji. Fungeni vane ya juu, kisha mtengeneze kila kinachovuja.

2. Fungueni robine zote za chini. Fungueni pia vitoa-hewa vyote vya vileleni, kama viko. Kama kuna vane za kutolea matope mabondeni, zifungueni kwanza mpaka maji yawe safi, kisha mzifunge.

3. Fungueni vane ya juu kidogo tu. Maji yatembee ndani ya tiyo polepole, kama mita 0,3 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kilomita moja inajaa kwa muda wa karibu saa moja. Tiyo ya kilomita 4 itataka saa nne. Mwenye haraka anaharibu: maji yanayokuja kwa kasi yanafungia hewa, tena yanagonga viungo kama nyundo na kuvipasua.

4. Mtu mmoja akae kwenye kila kilele, kuanzia kile cha karibu na chemchemi. Atasikia mluzi, kisha mate, kisha maji. Asifunge kwa mate ya kwanza. Angoje mpaka maji yatoke sawasawa, bila kutema, ndipo afunge polepole na kuita mwenzake wa kilele kinachofuata. Asiweke uso juu ya kitundu, kwa kuwa hewa iliyobanwa inaruka na mchanga.

5. Mwisho, robine za fonteni ziachwe wazi mpaka zikome kutema. Zifungwe polepole, moja baada ya nyingine. Kesho yake rudieni vilele mara moja tena, maana mabaki ya hewa yatakuwa yamepanda.

Na kama hakuna kitoa-hewa? Usikate. Tafuta kiungo cha kukaza kwa mkono kilicho karibu na kilele, ukilegeze mizunguko miwili, hewa itoke, ukikaze tena. Baadaye komite iweke pale kilele kiungo cha matawi matatu chenye robine ndogo ya nusu inchi, ndani ya kisanduku cha simiti chenye kifuniko na kufuli. Kuna pia vifaa vinavyotoa hewa vyenyewe: ndani yake mna tufe jepesi. Hewa ikija, tufe linashuka na kuiachia njia. Maji yakija, tufe linaelea na kuziba. Ni vizuri, lakini ni vya bei, na vinataka kusafishwa. Robine ndogo na mtu mwaminifu vinatosha vijiji vingi.

Onyo moja. Mbele ya kuacha kitoa-hewa wazi, weka kidole chenye maji juu yake. Kikisukumwa, vema. Kikinyonywa, funga upesi! Mahali hapo tiyo inavuta, nawe ungeiongezea hewa. Mwite fundi, njia ya tiyo yenyewe ina kosa.

Kwa wenye robine nyumbani

Katika mji wa Kasongo na katika kambi za kazi, nyumba nyingine zina tangi juu ya meza ya miti au ya simiti, na tiyo inayoingia jikoni. Huko nako hewa inakaa. Sababu kubwa ni tiyo iliyopandishwa juu ya ukuta au mlango, kisha ikashushwa. Fundi akija kwako, mwambie: tiyo itoke chini ya tangi na kuendelea kushuka, bila kupanda tena.

Ikikamata hewa, jaza tangi kwanza. Fungua robine zote za nyumba, kisha fungua vane ya tangi polepole. Robine ikisha kutoa maji sawasawa, ifunge, ukianza na ya chini na kumaliza na ile iliyo juu kuliko zote. Kama moja inakataa, unganisha mpira safi kati yake na robine yenye nguvu, fungua zote mbili dakika chache, maji ya nguvu yatairudisha hewa kwenye tangi. Toa mpira mara moja. Ukiuacha, maji ya tangi lako yanaweza kurudi katika tiyo ya watu wote.

Na maji yakitoka meupe kama maziwa, usiogope mbio. Yaweke katika glasi. Kama yanaanza kung'aa chini na weupe unapanda juu, ni vipovu vya hewa tu, havidhuru. Kama kitu kinatuama chini, ni uchafu. Usiyanywe kabla ya kuyasafisha.

Baada ya kazi yoyote iliyofungua tiyo, maji ya kwanza ni ya kuosha vyombo vya nje na kumwagilia bustani. Ya kunywa yachemshwe, au yatiwe klorini kwa kipimo ambacho muuguzi wa kituo cha afya ataonyesha, kisha yangoje dakika 30.

Watu wa juu na watu wa chini

Tumebakiza jambo gumu kuliko hewa. Kiangazi maji yanapopungua, watu wa juu wanafunga vane iliyo karibu na chemchemi, "ili maji yasiishe". Nia ni njema. Lakini chini robine zinabaki wazi, tiyo inajimwaga yote, na inajaa hewa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Asubuhi vane inafunguliwa kwa haraka, hewa inafungiwa, maji hayafiki. Watu wa chini wanasema, "Wametunyima." Usiku wanapanda na panga. Ugomvi umezaliwa, na hakuna mwizi.

Shika kanuni hii, uiandike kwenye mlango wa fonteni: maji yanapunguzwa chini, hayapunguzwi juu. Robine za fonteni zifunguliwe kidogo na zifungwe usiku. Vane ya juu iachwe. Hivyo tiyo inabaki imejaa, na tiyo iliyojaa haina nafasi ya hewa. Lakini kanuni hiyo inataka watu wa juu wawaamini watu wa chini kwamba watafunga robine zao. Na inataka watu wa chini wastahili kuaminiwa.

Kwa sababu hiyo komite ya maji isiwe ya upande mmoja. Iwe na watu wa juu na wa chini, akina mama wawemo kwa kuwa ndio wanaobeba bidoni, na vijana wawili wajifunze kazi kwa fundi. Fungu dogo la kila mwezi linunue viungo na kumlipa anayepanda vilimani. REGIDESO ina kazi yake mijini na idara ya serikali ya maji ya vijijini ina yake vijijini, waombeni mashauri. Lakini kufungua robine ndogo ya kileleni si kazi ya kungoja gari kutoka Kindu.

Kasongo inayo historia ya jambo hili. Mwaka 1971 ulianza pale mradi wa afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, nao ukajulikana mbali. Wazo lake lilikuwa huduma ndogo, karibu na watu, inayoangaliwa pamoja na watu wenyewe. Maji nayo yanataka vivyo hivyo.

Mjadiliane nyumbani na katika kundi la vijana:

Tiyo yetu inapita vilele vingapi, na ni nani kati yetu anayevijua vyote kwa miguu yake?

Mara ya mwisho robine iliponyamaza, tulimshitaki nani mbele ya kupanda kuangalia chemchemi?

Usiku huu, ni nani anayefunga robine ya fonteni?